Konda alikataa nauli ya mwanangu mwanajeshi: ni heshima au ni woga?

Swali

Shikamoo afande. Mwanangu wa pili amemaliza mafunzo Kihangaiko na amepangiwa kikosi. Alikuja kunisalimia siku tatu, na siku ya kurudi nikamsindikiza kwa daladala hadi stendi ya Msamvu, yeye akiwa na kombati yake kamili. Konda alikataa kupokea nauli yake, yangu akachukua. Bibi mmoja, rika la mama yangu, akainuka ampishe kiti. Vijana waliokuwa wakibishana mpira kule nyuma walinyamaza ghafla, wakakaa kimya mpaka tunashuka, na tulipokanyaga chini nikamsikia mmoja anasema, "Afadhali." Usiku ule sikulala. Watu wanampenda mwanangu, wanamwogopa au wanamchukia? Nimwambie asafiri na sare au aivue? Halafu picha yake ya kombati nimeiweka status, majirani wanaisifia, sijui kama nimekosea. Ni mimi mama yake, Morogoro.

Jibu

Marahaba mama, na hongera kwa kumfikisha mtoto hapo. Kihangaiko si mahali pa mchezo. Kijana aliyetoka pale na kombati ameitolea jasho. Naelewa kwa nini usingizi ulikuruka. Ulitegemea watu wamtazame mwanao kama unavyomtazama wewe, ukakuta ndani ya gari moja wanamtazama kwa macho ya aina tatu. Mimi nilivaa sare hiyo miaka 26 nikastaafu nikiwa afisa mteule, na tangu hapo nashinda nikisoma na kufundisha vijana habari za jeshi na raia. Kwanza nikutoe hofu moja: katika wale wote hakuna aliyekuwa akimtazama mwanao. Hawamjui. Walitazama nguo, na kila mmoja aliiona kupitia yale aliyowahi kutendewa, au kusimuliwa, na watu waliovaa nguo kama ile.

Tuanze na konda, maana huyu ndiye watu wengi humwelewa vibaya. Gari la abiria linatoka asubuhi tayari lina deni: hesabu ya tajiri na mafuta. Kinachobaki jioni ndicho dereva na konda wanagawana. Desemba 2023 LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, ilipopandisha nauli, safari ya daladala isiyozidi kilomita 10 ikawa shilingi 600. Wakipanda watu watano wa sare kwa siku na wote wasilipe, hiyo ni elfu tatu, wali maharage wa mchana pamoja na soda yake, na tajiri hataki kusikia hadithi za askari. Sasa konda akimwona kijana wa kombati, hana nafasi ya kujiuliza kama anampenda. Anachojiuliza ni hiki: nikimgusa bega nikasema "nauli, kaka," atanipa au atanikwida? Ugomvi wa dakika kumi ni tripu nzima imeharibika. Anaamua kukiruka kiti hicho. Anapita na noti zake zimekunjwa katikati ya vidole, anamdai wa pembeni. Ukimuuliza atakwambia, "Afande halipi," kama vile ni sheria iliyobandikwa mlangoni. Ni mazoea, mama, na mazoea hayo tuliyajenga sisi wenyewe.

Nasema sisi kwa sababu nilikuwepo. Mwaka 1987 nilikuwa praiveti, kambi yetu ikiwa pembezoni mwa Dar es Salaam. Siku zile tulipanda zile pikapu tulizoziita chai maharage, mabenchi mawili yametazamana, magoti yako yanagusana na ya aliye mbele yako. Nilipanda na mwenzangu, wote tuna kombati, buti zinang'aa, tumetoka kupokea mshahara. Konda alikuwa kijana mdogo, sidhani kama alifika miaka kumi na minane, kaptula na kandambili zisizofanana. Akamnyooshea mkono mwenzangu. Mwenzangu akageuza uso akatazama barabarani. Kijana akarudia, kwa adabu kabisa: "Afande, nauli." Kofi lililomshukia bado nalisikia. Sarafu zikamwagika kwenye bati.

Kofi lenyewe lilikuwa baya, lakini kilichonikaa zaidi ni kilichofuata. Tulikuwa kama watu kumi na wawili, tumekaa uso kwa uso, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Kila mtu alipata pa kuweka macho: huyu kapu lake, yule kucha zake. Mimi nilitazama buti zangu. Mfukoni nina mshahara wa mwezi mzima, na sikumlipa yule mtoto nauli yangu wala ya mwenzangu. Mzee mmoja wa baraghashia alishuka kabla yetu. Aliinama akaokota sarafu mbili tatu, akazitia mkononi mwa konda, kisha akatugeukia bila kupandisha sauti: "Wanangu, jeshi hili tuliliita la wananchi." Akaenda zake. Gari likaondoka, na kimya chetu kikaendelea mpaka mwisho wa safari. Kimya cha wale vijana wako wa mpira ninakijua, mama. Nilikisikia siku ile kwa mara ya kwanza, nikiwa upande wa sare.

Mzee yule alijua anachosema. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, na serikali changa ya Mwalimu ikalazimika kuwaomba Waingereza waje kuwanyang'anya silaha. Jeshi lile likavunjwa. Tarehe 1 Septemba mwaka huohuo likaundwa jipya, vijana wengi wakichukuliwa kutoka Umoja wa Vijana wa TANU, na jina likachaguliwa kwa makusudi: Jeshi la Wananchi. Lililovunjwa lilikuwa urithi wa King's African Rifles, wale ambao babu zetu waliwaita keya, na keya alikuwa mtu wa kutumwa na serikali kwa watu. Kabla ya keya walikuwepo askari wa Mjerumani, ambao wakati wa Maji Maji, kati ya 1905 na 1907, walichoma mashamba na maghala kule kusini mpaka njaa ikaua watu wengi kuliko risasi.

Ukienda Dar es Salaam, pita mtaa wa Samora uitazame Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927, yule mwenye bunduki na singe. Imewekwa kukumbuka askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, lakini umbo lililosimama juu ni la askari peke yake. Wapagazi, waliokufa kwa makumi ya maelfu wakiwa na mizigo kichwani, hawana umbo pale juu. Jina lao limebaki Kariakoo, kutoka jina la Kiingereza la kikosi chao, Carrier Corps, na wengi wanaonunua vitenge pale hawalijui hilo. Nalisema kwa sababu kumbukumbu ya sare katika nchi hii haikuanza na mwanao wala na mimi. Jina la Jeshi la Wananchi lilikuwa ahadi ya kuibadilisha, na ahadi hiyo hutimizwa au kuvunjwa kila siku na praiveti aliyeko kwenye daladala, mahali ambapo jenerali hayupo.

Sasa bibi. Huyu ningetamani kukaa naye nusu saa. Kama ni rika la mama yako, basi mwaka 1978 alikuwa mwanamke kijana. Mimi nilikuwa na miaka 14, tunaishi Shinyanga, si mbali na stesheni. Oktoba ile majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia Kagera, na Novemba 2 Mwalimu akahutubia taifa, kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga tunavyo. Baada ya hapo treni za Mwanza zikawa zinapita zimejaa wanajeshi. Sisi watoto tulikuwa tunakimbilia stesheni kila tukisikia honi. Mama zetu walikuwa wanauza pale siku zote, viazi vitamu vya kuchemsha, karanga, mayai, kwa abiria wa kawaida. Treni ya wanajeshi ikisimama, biashara inageuka. Mabeseni yanainuliwa hadi madirishani, mikono ya kombati inatoka nje, inachukua, na hakuna anayehesabu.

Namkumbuka mwanajeshi mmoja, kijana mwembamba, aliyechukua viazi viwili akatoa sarafu. Jirani yetu, mwanamke ambaye kwa kawaida hakuachii senti tano, akaukamata mkono wa yule kijana pale dirishani, akaifunga ngumi yake juu ya sarafu kwa mikono yake miwili, akaishikilia hivyo. "Utanilipa ukirudi," akamwambia. Treni ikaanza kutembea akiwa bado ameishika, akatembea nayo hatua kadhaa, ndipo akaiachia. Kampala ilitekwa Aprili 11, 1979. Sikupata kujua kama yule kijana alirudi.

Unaona nilipotaka kukufikisha? Jirani yetu alikataa fedha ya mwanajeshi, na konda wako amekataa fedha ya mwanajeshi. Kwa mbali ni kitendo kilekile. Yule wa stesheni alimtazama machoni na alikuwa na hiari. Angeweza kuuza na asingeulizwa na mtu. Konda alimkwepa macho na hiari hakuwa nayo. Ukitaka kujua raia wanampenda mwanajeshi au wanamwogopa, usitazame walichompa au walichomwachia. Tazama kama wangeweza kumnyima.

Penzi la 1979 lilikuwa la kweli na lilikuwa kubwa. Watu walitoa ng'ombe, walitoa malori na mabasi yakaenda mstari wa mbele. Lakini halikudumu kwa nguvu ileile, na sababu zake nilizishuhudia. Mwalimu alituomba tufunge mikanda miezi 18, miezi ikazaa miaka, sukari na sabuni vikawa vya foleni. Ndipo ikaanza tabia ya mtu mwenye sare kufika dukani saa nne akapita mbele ya wanawake waliopanga mawe yao foleni tangu alfajiri. Mara ya kwanza walimpisha kwa moyo: huyu ametoka vitani. Mara ya kumi walimpisha kwa sababu hawakuwa na la kufanya. Heshima ni kama akiba ya posta, mama. Hao walikuwa wanatoa tu bila kuweka.

Kwa hiyo bibi yako huenda alikuwa mmoja wa wanawake wa mabeseni. Huenda aliinuka kwa sababu aliona kombati akamwona yule kijana wa dirishani. Lakini Morogoro ni njia panda, watu wa kila upande wanapita. Ikiwa mama huyo amekulia karibu na mipaka yetu ya magharibi, au amewahi kukimbia mashariki ya Kongo, ambako mtu mwenye sare kwenye kizuizi cha barabarani kwa miaka mingi amekuwa mtu wa kudai chochote ulichobeba, basi kuinuka kwake ni kitu kingine kabisa. Unampisha kabla hajakuamuru. Siwezi kukuhakikishia ni lipi nikiwa huku. Ninachoweza kusema ni kwamba kwa yote mawili jibu la mwanao lilipaswa kuwa moja: kumshika bibi mkono, "Shikamoo bibi, kaa tafadhali, mimi nasimama." Hukuniambia kama alikaa. Ikiwa alikaa, lirekebishe hilo kwanza kabla ya mengine yote. Wewe ndiye wa kumwambia, si mimi.

Wale vijana wa nyuma ni habari ngumu zaidi, na sitaipamba. Kijana wa miaka ishirini hana Kagera. Hana stesheni ya Shinyanga. Na lugha yetu yenyewe haimsaidii: askari ni polisi, askari ni mgambo anayepindua sufuria ya mama lishe, askari ni mlinzi wa getini, askari ni mwanajeshi. Tunawaita wajeda mitaani ili kutofautisha, lakini hasira ikipanda tofauti hiyo inapotea. Kosa la polisi mmoja kituoni linamfuata mwanao ndani ya daladala. Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku saba kwa raia kusalimisha mavazi yanayofanana na ya jeshi. Mimi naiunga mkono sheria inayokataza raia kuvaa mavazi hayo kwa moyo wote, kwa sababu jambazi akiiba na kombati ni jeshi linaloaibika. Lakini kwa kijana aliyenunua suruali ya mabaka mtumbani, alichojifunza ni kwamba nguo hiyo inaweza kumponza. Kisha ikaja Oktoba 2025. Siku ya uchaguzi na zilizofuata wanajeshi walionekana katika mitaa ya Dar es Salaam pamoja na polisi, watu wakakatazwa kutoka nje usiku. Waliokuwa na umri wa kubishana mpira nyuma ya gari ndio hasa waliokuwa na umri wa kuwa mitaani siku zile, au wana ndugu, au wana rafiki. Mwanao inawezekana siku hiyo alikuwa bado hajavaa hata buti. Haijalishi. Ameivaa sasa, na imekuja na hayo.

Wakati huohuo, vijana haohao wameona mengine. Desemba 2023 tope liliposhuka kutoka mlima Hanang likafunika nyumba za Katesh, wanajeshi walikuwa pale wakichimbua watu. Jengo lilipoporomoka Kariakoo Novemba 2024, kombati zilikuwepo kwenye vifusi. Na Desemba 7, 2017 wanajeshi wetu 14 waliuawa kambini Semuliki, karibu na Beni huko Kongo, wakilinda watu wasiowajua. Watu waliowalilia miili ile iliporudi nyumbani hawakuamriwa na mtu. Kwa hiyo sikubali neno "wanamchukia". Nilichokisikia katika "Afadhali" ni pumzi ya mtu aliyekuwa ameibana kwa dakika ishirini. Ni woga, na woga unaweza kuondolewa kwa kazi. Chuki ingekuwa jambo lingine.

Usidhani ni sisi tu. Mwaka 2008 wanajeshi wa anga wa kambi ya Wittering, Uingereza, walikatazwa kuvaa sare wakienda mji wa Peterborough kwa sababu baadhi ya watu waliwatukana barabarani, wakiwa na hasira za vita vya Iraki na Afghanistani ambavyo si rubani wala fundi aliyeviamua. Hapo jirani Kenya, Novemba 2012, wanajeshi watatu waliokuwa wamesimama Garissa kubadilisha tairi waliuawa kwa risasi. Kilichofuata ni soko kuchomwa na wakazi kupigwa, na wakazi wakawanyooshea wanajeshi kidole. Mama wa Garissa aliyepoteza kibanda chake akiona kombati leo anaona nini? Na mama wa wale vijana watatu, akimwona mwanawe mwingine anapanda basi na sare, analala?

Nchi ambayo nimeifuatilia zaidi kwa jambo hili la usafiri ni Ujerumani, na ina la kutufundisha. Wajerumani, kwa historia waliyonayo, ni watu wasiopenda kuona sare za jeshi mitaani. Jeshi lao la sasa lilianza 1955, na kwa miaka mingi familia nyingi zilikuwa na kijana aliyelipitia kwa lazima. Mwaka 2011 utaratibu huo wa lazima ukasitishwa, na ghafla wanajeshi wakawa watu ambao raia hawawaoni kabisa. Basi kuanzia Januari 1, 2020, serikali ikafanya makubaliano na shirika lao la reli, Deutsche Bahn: mwanajeshi anasafiri bure kwenye treni, hata kwa safari zake binafsi, kwa sharti kwamba awe amevaa sare. Shabaha ilikuwa hiyohiyo, waonekane. Wapo abiria waliowasalimia na kuwashukuru, wapo waliowarushia maneno, na wapo walionung'unika kwamba wauguzi nao wangestahili.

Sitazami sana hayo maneno ya abiria. Ninachokitazama ni tiketi. Mwanajeshi yule wa Ujerumani halipi, lakini reli inalipwa. Wizara ya ulinzi ndiyo inayotoa fedha. Mkagua tiketi hapotezi chakula chake cha mchana, hana sababu ya kumkwepa macho, anakagua kitambulisho kama anavyokagua cha mwingine, anasema safari njema. Kwetu kijana halipi, na anayebeba gharama ni konda wa kandambili zisizofanana. Tukitaka wanajeshi wetu wasafiri bure, na mimi ningefurahi sana, basi taifa liseme hivyo kwa maandishi na limlipe mwenye gari. Mpaka siku hiyo, anayesafiri bure anamla konda.

Kwa hiyo swali lako la sare. Mwanao atafuata amri za kikosi chake; hilo si la mama wala la mzee mstaafu. Lakini pale ambapo ameachiwa achague, mimi ningemwambia hivi. Safari ya kazini, ya kuripoti, ya kurudi kambini, avae kama alivyoelekezwa na asione haya. Safari ya likizo, ya harusi, ya msibani, ya kwa mchumba, avae shati lake. Si kwa sababu sare ni aibu. Ni kwa sababu mwenye sare hana ruhusa ya kuwa mchovu, mwenye njaa, mwenye hasira ya kukanyagwa mguu. Mtoto wa miaka ishirini na kidogo anahitaji siku za kuwa mtu wa kawaida. Na asiingie baa na kombati hata kama anakunywa soda. Nimeona kazi za vijana wazuri zikiharibika kwa nusu saa za namna hiyo. Wala asimwazime mtu, si kaka yake, si rafiki wa kupiga picha tu, hata kofia. Kanuni ya Adhabu, inayokataza raia kuvaa sare ya jeshi, haina undugu.

Kwenye gari, nauli aishike mkononi kabla hajapanda. Hili nalisisitiza, mama, kwa sababu akisubiri kudaiwa hatadaiwa. Konda akisema "acha tu, afande," amwambie, "Pokea kaka, na wewe una hesabu ya tajiri." Hayo maneno, hesabu ya tajiri, ayatamke hivyohivyo. Konda akisikia kwamba anajua maisha yake, sura itabadilika, utaona. Atakuwa amewaambia pia wale wa nyuma bila kugeuka kuwatazama. Salamu atoe yeye kwanza, asisubiri kupewa, na awape shikamoo wazee hata kama wao wamemwita mkuu. Vijana wakinyamaza, asijifanye haoni. Anaweza kuuliza tu, "Simba ama Yanga?" Nimeifanya hiyo mara nyingi nikiwa sajenti. Mara nyingine wananijibu, mara nyingine hawajibu, nami naendelea na safari yangu. Asilazimishe.

Yule konda wa 1987 nilimtafuta. Nilirudi njia ileile wiki mbili baadaye nikiwa na nguo za kiraia, nikapanda magari matano sita, sikumwona. Nikamlipa konda mwingine nauli ya watu watatu, naye akadhani sijui kuhesabu akanirudishia chenji.

Kuhusu picha, itoe leo, lakini si kwa ajili ya majirani. Picha ya kombati ina jina lake kifuani, pengine na alama ya kikosi begani, na status inaonwa na watu usiowajua, wakaipiga picha wakaituma kwingine. Wapo matapeli wanaochukua picha za vijana kama hao wakazitumia kuwaahidi watu ajira za jeshini kwa fedha. Ihifadhi kwenye albamu, au ichapishe uitundike sebuleni juu ya kabati, wanaokuja nyumbani kwako waione. Kwenye status weka ile aliyopiga na wewe akiwa na fulana. Kama hamna, mwambie likizo ijayo mpige.